Mlio wa Kiti Juu ya Mji wa Lisboni

Zama zile Wareno walipokuwa wakitoza ushuru katika bandari za pwani yetu, na mwenye kukataa akijibiwa kwa mizinga, mji wa Kitangani ulikataa. Jibu halikuchelewa. Merikebu zilitia nanga mbele ya mji alfajiri, na kabla ya adhuhuri ukuta wa upande wa bahari ulikuwa kifusi. Wareno waliingia nyumba za mawe wakiwa na vifua vya chuma na bunduki za utambi, wakachukua kila kilichobebeka: pembe, ambari, sandarusi, hariri, hata sahani za Kichina zilizopachikwa ukutani, wakazibandua kwa ncha za panga. Wakachukua na siwa.

Asiyeijua siwa hawezi kujua Kitangani ilipoteza nini siku ile. Ilikuwa baragumu la pembe ya ndovu, refu kupita kimo cha mtoto, limeungwa kwa pete za shaba, na tundu lake la kupulizia lilikuwa ubavuni. Mwungwana hakuoa bila siwa kulia, wala hakuzikwa bila siwa kulia. Na mfalme hakuwa mfalme mpaka siwa ilie mlio wa kiti. Mlio huo ulikuwa na hukumu yake: ukishalia, mwenye kumwinulia silaha yule aliyekaa mbele yake huhesabiwa si mtu wa mji tena, hapewi mke, hapewi maji, hapewi kaburi. Kabla haujalia, kila mwenye upanga na jamaa aliruhusiwa kujaribu bahati yake.

Walioipiga walikuwa ukoo mmoja tu, wa mzee Famau, aliyekuwa na wana wawili, Madi na Lali. Wote wawili walifundishwa mlio wa arusi na mlio wa msiba. Mlio wa kiti alifundishwa mkubwa peke yake, nje ya mji, mdomo wa baba sikioni mwa mwana, ili asitokee mdogo mtu akashawishika kujitengenezea mfalme wake. Ama mlio wa msiba, huo ulianza kwa pumzi ndefu za kuomboleza, kisha ikafuata mikato mifupi iliyotaja ukoo wa marehemu, kila ukoo na mikato yake. Na mpiga siwa alikuwa na mwiko mmoja mkubwa: hakuupigia msiba ukoo wake mwenyewe. Wakifiwa wao, siwa ilishikwa na watani wao, ambao ndio pia walioosha maiti na kuwatukana wafiwa matanga yote.

Siku ya uvamizi mzee Famau aliuawa mlangoni pa msikiti. Madi alikutwa ameikumbatia siwa, akakataa kuiachia, basi wakavibeba vyote viwili, siwa na mtu wake. Lali alikuwa amejificha kisimani, na sauti ya mwisho ya kaka yake aliyoisikia ilikuwa ya kuwatukana Wareno kwa lugha wasiyoijua.

Miaka ikapita. Lali akaoa, akapata watoto, ndevu zake zikaingia mvi. Kisha mfalme mzee akafa, akaacha wapwa wawili waliochukiana tangu wakinyonya, na kila mmoja akajaza baraza yake watu wenye mikuki. Boma la miiba likasimamishwa katikati ya njia kuu, upande huu wa huyu, upande ule wa yule. Wazee walikuwa wameshachagua nani akae, lakini uchaguzi bila mlio wa kiti ulikuwa maneno ya barazani tu. Wakawaomba wapwa wale wawape muda, siwa itafutwe. Wapwa wakakubali kwa shingo upande, nao wazee wakampeleka Mwinyi Zubeiri, mfanyabiashara mwenye kukijua Kireno, na pamoja naye Lali wa Famau. Kwa siwa peke yake wasingepata kitu. Ilibidi wampate na Madi, kwa sababu mlio wa kiti ulikuwa kifuani mwa Madi na kwingineko haukuwapo.

Walipita Goa, wakazunguka ile rasi ya dhoruba, na walipofika Lisboni, mji mkuu wa Ureno, walikuta tauni imewatangulia. Mfalme wa Wareno na watu wake walikuwa wamekimbilia mji mwingine. Karani mmoja mwenye kola ya kukunjwakunjwa aliwasikiliza akiwa mbali, kitambaa cha siki puani, akasema, "Pembe kama hizo zimeletwa nyingi. Mkiiona yenu, chukueni." Akawapa hati yenye muhuri, akaondoka. Wakawekwa katika nyumba ya shamba nje ya mji, wasiruhusiwe kuingia, hadi merikebu ya kurudi Goa ilipopatikana. Ingeng'oa nanga siku hiyohiyo maji yakianza kupwa, baada ya alasiri.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata mto mpana wa Lisboni haukuonekana. Mwinyi Zubeiri, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa tangu baridi ianze, alipanda mashua pamoja na mizigo.

"Nenda ukautazame mji, Bwana Lali," alisema. "Ulize, utafute, fanya uwezalo. Lakini nahodha ameapa kuwa hamngoji mtu. Anauogopa mji huu kuliko bahari."

"Na nisipompata, Mwinyi?"

Mzee alijifunika joho lake la sufu hadi kidevuni. "Tutarudi mikono mitupu, tuhesabu makaburi," alisema.

Lali aliingia mjini akiongozwa na Bi Mosi. Mama huyu alizaliwa Kilwa, akauzwa akiwa msichana, akaja kujikomboa uzeeni, na sasa aliuza siki na majani ya kufukizia nyumba. Biashara yake ilikuwa imestawi kwa tauni kiasi cha kumwonea haya kila mteja. Ndiye aliyekuwa akiwaletea siki kule shambani, na siku ya kwanza alipomsikia Lali akisema Kiswahili alikaa chini akalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa nyuma yangu, usiguse ukuta, usiguse mlango. Na madirisha usiyatazame. Watu wa huku hawapendi kuonekana wana hofu."

Waliingia mtaa mpana wa wafanyabiashara, ambao mabaharia huko Goa walimsimulia Lali kwa kuapa: maduka ya pilipili manga na mdalasini, mazulia ya Ajemi, vyungu vya Kichina, wanawake wenye mikufu wakipita katika machela. Sasa maduka yalikuwa yamepigiliwa mbao. Duka moja la pembe lilikuwa wazi, bila mtu ndani, na juu ya meza kulikuwa na vikombe vya pembe vilivyochongwa nyuso za Wareno na watu wa Gini. Mlangoni alining'inia kasuku katika tundu, akiita jina la mtu, kisha akijijibu mwenyewe kwa sauti nyingine, ya kike.

"Anaigiza wenye duka," alisema Bi Mosi. "Walitolewa juzi."

Lali alimtilia yule ndege maji kidogo kutoka katika kibuyu chake. Alikuwa amekwisha kuona vita, lakini vitani watu hupiga kelele. Hapa hata mbwa walitembea kwa kunyata.

Walipanda kilima kimoja wakapita mtaa wa vichochoro. Bi Mosi akamweleza kuwa hapo zamani walikaa Waislamu, wakafukuzwa, na aliyebaki alibatizwa. Pembeni mwa kisima palikuwa na jiwe lililolika katikati, na Lali alilitambua mara moja kuwa ni jiwe la kutilia udhu. Miguu iliyolila haikuwapo tena duniani. Akasoma Fatiha kimoyomoyo bila kujua anamsomea nani. Alijiona amefika mahali ambapo watu huondolewa na alama zao huachwa zikidanganya kuwa bado wapo.

Ndipo siwa ikalia.

Haikuwa karibu. Ilitoka juu, ndani ya ukungu, pumzi ndefu iliyoanza chini ikapanda polepole, na nywele za mikono ya Lali zikasimama zote. Mtaani palikuwa na watu wachache, mchuuzi wa mkaa, askari wawili, mwanamke na ndoo. Wote waliondoka mbio. Milango ikagongwa, makomeo yakaingia, na mara mtaa ukawa mtupu.

"Ingia hapa!" Bi Mosi alimvuta mkono hadi chini ya tao la mlango. "Hilo ni baragumu la watawa. Kengele za msiba zimekatazwa, maana zingelia kutwa. Wakilipuliza wao, gari la wafu linapita, na kila mtu mzima hutoka njiani."

"Mama, hilo si baragumu la watawa."

"Nimelisikia tangu tauni ianze."

"Nami nimelisikia tangu tumboni mwa mama yangu," alisema Lali. "Hiyo ni siwa yetu. Nyamaza, nakuomba, nisikilize."

Pumzi ndefu zilikwisha, mikato mifupi ikafuata, na Lali akashika ukuta alioambiwa asiushike. Baragumu lilikuwa limetaja ukoo wa wahunzi wa Kitangani. Gari likapita, likivutwa na nyumbu, na aliyeliongoza alikuwa amevaa kofia iliyomfunika hadi machoni. Chini ya turubai ilitokeza miguu ya Wareno, myeupe, mmoja na soksi. Wareno hao walikuwa wakienda kaburini kwa jina la wahunzi wa Kitangani.

"Kuna mtu huko juu anayewaita wafu wetu," alisema Lali. "Wahunzi waliuawa siku ile, wote, na hawakupigiwa msiba kwa kuwa siwa ilichukuliwa. Bi Mosi, duniani hapa ni mtu mmoja tu anayeweza kuipiga hivyo. Kaka yangu yu hai."

Akaanza kukimbia. Bi Mosi alimfuata akipiga kelele kuwa yeye ni mzee na siki yake inamwagika, lakini alimfuata.

Ukungu ulifanya sauti icheze. Siwa ililia tena, na safari hii ilikuwa kushoto, ikitaja ukoo wa washona majahazi. Walipanda ngazi za mawe zilizopinda, wakatokea uwanja mdogo wenye kanisa lililofungwa, kumbe sauti ilikuwa nyuma yao. Wakateremka. Siwa ikawataja watu wa msikiti wa kale, na Lali akamwona mwalimu wake wa Kurani kama alivyomwona mara ya mwisho, amelala kifudifudi. Kila ilipolia mitaa iliyokuwa mbele yao ilikuwa imeshakimbiwa, masufuria yakichemka bila mpishi, kiti kikiwa bado kinatikisika. Mtu angeweza kudhani mji mzima ulikuwa ukiwakimbia wao wawili.

Lakini Lali hakuhofu tena. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeomba miaka na miaka akajibiwa. Alishaanza kupanga atakavyomwambia Madi, kwamba mama yao alifariki akimtaja, kwamba mwanawe wa kwanza anaitwa Madi. Alijiona wakishuka wawili hadi bandarini, siwa mabegani mwao.

Mwishowe waliona mnara. Ulisimama juu ya nyumba ya watawa, mwishoni mwa njia nyembamba, na mlango wa nyumba ulikuwa umepigwa alama ya chokaa. Askari mmoja alikuwa amekaa kando ya mlango, mkuki mapajani. Gari lilikuwa linakuja nyuma yao. Siwa ikalia kwa mara nyingine, karibu sana sasa, hata mawe ya njia yakatetema. Pumzi ndefu zikaenda, zikaisha. Mikato ikafuata.

Lali alisimama. Kisha akakaa chini palepale njiani, kilemba kikamwangukia begani.

"Vipi, mwanangu? Unaumwa?" Bi Mosi alimwinamia.

"Umetajwa ukoo wetu," alisema Lali. "Ukoo wa Famau."

"Basi si ndiye yeye? Anaomboleza baba yenu."

"Hapana, mama. Mpiga siwa haupigii ukoo wake. Hata akiwa peke yake mwisho wa dunia, hata akiwa na kichaa, mkono wake utakataa. Aliyeko huko juu si Madi." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Na kama ukoo wetu unapigiwa msiba huku ugenini, ni Madi anayepigiwa."

Alilia hapo bila kujificha, na askari aligeuza uso kwa adabu. Gari la wafu likawapita na magurudumu yake yakagusa upindo wa joho lake.

Dirisha la mnara likafunguliwa. Kichwa kilitokeza, cha mtawa mwenye upara na ndevu nyekundu, macho yakiwaka kwa homa. Aliwatazama, akamtazama hasa Lali, uso wake, kilemba chake, jambia lake. Kisha akafungua kinywa na kusema Kiswahili cha Kitangani, kile chenyewe, cha watu wa upande wa kisimani.

"Nani kaacha mlango wazi, fisi wa kina Famau wakaingia mjini?"

Bi Mosi alipiga ishara ya msalaba na kusoma audhubillahi kwa pumzi moja. Lali alibaki amekodoa macho. Hayo yalikuwa matusi ya watani wao, neno kwa neno, ambayo hakuyasikia tangu watani wale walipouawa pamoja na mji. Mdomo ulimjibia wenyewe.

"Fisi hafuati ila mizoga. Nimefuata harufu yako."

Mtawa alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomtikisa hadi akashika kizingiti cha dirisha.

"Lali," alisema. "Wewe ndiwe Lali uliyejificha kisimani. Mimi Inasi. Kaka yako alinifanya mtani wake, kwa sababu alihitaji mtu wa kumzika na huku hakuna. Nilimwosha mimi, kwa maji ya mvua, nikamlaza ubavu wa kulia. Alinionyesha upande wa kumwelekeza. Watawa wenzangu walidhani ninatafuta jua."

"Mungu akulipe, mtani," alisema Lali, na alimaanisha kwa moyo wake wote. "Lini?"

"Mwanzo wa tauni. Yeye ndiye aliyewaambia watawa walitumie baragumu. Wafu wa mji huu sipewi majina yao, hutupwa garini wakiwa wamefunikwa. Madi alinifundisha majina ya wafu wenu. Basi kila gari likipita ninamwita mmoja wenu, ili asiende mtu bila kuitwa. Wa kwenu wamekwisha wote, nimerudia tangu mwanzo, na mwisho huwa ni yeye."

Lali alisimama. Jua lilikuwa limeanza kupenya ukungu, na lilikuwa limeshapita utosini.

"Padri Inasi, siwa nimepewa ruhusa kuichukua. Lakini pembe tupu hainifai. Mji wangu una wafalme wawili na boma la miiba katikati. Je, kaka yangu alikuachia mlio mmoja ambao hukuwahi kuupiga?"

Mtawa aliinama zaidi dirishani. "Alinifundisha akiwa kitandani, mdomo wake sikioni mwangu," alisema. "Aliniambia amevunja sheria ya baba zake, na alilia kuliko alivyolia siku ya kuchukuliwa. Ndugu yangu akija mpe, alisema, asipokuja ufe nao."

"Nakuja juu."

Askari alishusha mkuki mbele ya mlango na kusema maneno. Bi Mosi akayafasiri: anayeingia haruhusiwi kutoka mpaka siku za karantini ziishe. Merikebu ingekuwa imeshafika mbali baharini. Na Inasi mwenyewe alitikisa kichwa.

"Ukija hapa utaondoka na kitu kingine," alisema, akavuta kola ya vazi lake. Shingoni palikuwa na uvimbe mweusi. "Nitaupiga. Sikiliza vizuri, maana kifua changu kinatosha mara moja tu, na hilo nalo ninalitumaini tu."

"Haupigwi hivihivi!" Lali alisema kwa hofu ya kweli. "Ukilia, lazima awepo aliyekaa mbele yake. Anayeusikia akiwa mbele ya siwa, huyo ndiye mwenye kiti. Nani yuko hapa?"

Wote wakatazama njiani. Hapakuwa na mtu mwingine. Lilikuwapo lile gari tu, nyumbu wamelisimamisha mwisho wa njia, na mwongozaji wake akingoja siwa impishe. Lali alilitazama kwa muda mrefu. Alijisikia vibaya kwa sababu alijua tayari atakachosema.

"Wapo hao," alisema. "Wamelala, lakini wapo mbele yake. Piga."

Mdomo wa siwa ukatoka dirishani, wa manjano kwa umri, na pete zake za shaba zikiwa na kutu ya kijani. Inasi akavuta pumzi.

Lali hakuwahi kuusikia mlio ule. Alizaliwa chini ya mfalme aliyekwisha kutawazwa. Ulianza kwa upole, kama mtu anayebisha hodi, ukapanda kwa ngazi, ukageuka, ukarudi chini na kupanda tena ukiwa mpana zaidi, na Lali alifumba macho akaufuata kwa pumzi zake mwenyewe, akifunga kila kipande moyoni kabla cha pili hakijafika. Milango ilianza kufunguka kando ya njia. Watu wa Lisboni, ambao kila siku walikimbia sauti hiyo, walitoka mmoja mmoja wakiwa wameduwaa, kwa maana huu haukuwa mlio waliouzoea. Mwanamke mmoja alipiga magoti. Askari alivua kofia yake ya chuma. Mwongozaji wa gari alishuka, akaenda kusimama kando, kichwa chini, na wale waliolala chini ya turubai wakabaki peke yao katikati ya njia, wakipokea heshima ambayo hakuna mfalme wa Ureno aliyewahi kupewa.

Kisha, katikati, mlio ulikatika. Siwa ilitoa mkwaruzo, kikasikika kikohozi ndani ya pembe, kikubwa na cha kutisha, kisha kimya. Kimya kikakaa. Lali alifumbua macho, moyo ukimgonga. Mtu mwingine angedhani imekwisha, lakini yeye alijua haijakwisha, kwa kuwa pumzi ilikuwa imeachwa juu, haijashuka. Ndipo siwa ikaanza tena, mbele zaidi ya pale ilipoachia, na ikaendelea bila kutetereka hadi ile pumzi ya mwisho iliyoshuka na kutua.

"Padri!" Lali aliita. "Pale katikati! Kuna kipande kimeruka. Nikaririe kwa mdomo tu!"

Inasi alitokeza. Midomo yake ilikuwa na damu. Alijaribu kusema, sauti haikutoka. Aliweka kiganja kooni, akatikisa kichwa polepole, na Lali aliona kuwa alikuwa anaomba radhi. Kisha akaanza kuteremsha siwa kwa kamba, mkono baada ya mkono, mpaka ikamfikia Lali chini. Alipoachia kamba alimwonyesha meno, uso wa dhihaka, matusi ya mwisho ya mtani asiye na sauti. Dirisha likafungwa.

Bi Mosi aliimwagia siwa siki yake yote, ndani na nje, akaifukiza kwa majani yake hadi macho yakawatoka machozi wote wawili. Walishuka mlimani Lali akiwa ameibeba begani, na watu waliowaona walirudi nyuma kuwapisha, wengine wakigeuza nyuso ukutani. Gatini Lali alimsihi Bi Mosi apande merikebu pamoja nao. Mama yule aliangalia maji, akaangalia mji.

"Kilwa niliyoijua imekufa zamani, mwanangu," alisema. "Na huku nani atawauzia siki? Nenda."

Maji yalikuwa yameshaanza kupwa.

Njiani, mwezi baada ya mwezi, Lali aliukariri mlio akiupuliza ndani ya ngumi yake. Kila alipofika katikati palikuwa na shimo. Mwinyi Zubeiri alimsikia akirudia na kurudia, akakasirika.

"Tia kitu chochote hapo, Bwana Lali! Wewe ni mwana wa Famau, damu yako itakuonyesha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Lali. "Tena nikitia changu, mfalme atakuwa wangu. Hicho ndicho walichokiogopa walioniziba masikio."

Kitangani waliwakuta wapwa wale bado wako hai, na miiba ya boma imeongezwa. Siku ya kutawazwa mteule wa wazee alikaa juu ya kiti cha mpingo, na mpinzani wake alisimama mbele ya watu wake akiwa amevaa deraya, kiganja juu ya mpini wa upanga. Lali akainua siwa. Mlio ukabisha hodi, ukapanda, ukageuka. Ulipofika katikati, ukakatika.

Mpinzani alitoa upanga nusu, maana kama siwa imemkataa yule, hukumu haipo. Mikuki iliinuka upande huu na upande ule. Lali, mdomo ukiwa bado tunduni, jasho likimwingia machoni, alikuwa anamwona mtawa mwenye ndevu nyekundu ameshika kizingiti cha dirisha, na alingoja muda uleule aliongoja yule, bila kuupunguza, ingawa kila mshipa wake ulimtaka apulize. Ndipo akaendelea. Siwa ilipotua pumzi ya mwisho, dada wa marehemu mfalme, bibi kizee aliyewahi kuusikia mlio ule katika usichana wake, alikuwa analia. Hakusema kwamba umepungua. Hakusema kwamba umetimia. Alimtazama mpinzani, ambaye alikuwa mwanawe wa kumzaa, mpaka upanga ukarudi alani.

Kitangani ilidumu vizazi vingi baada ya hapo, na wafalme wake wote walitawazwa kwa siwa ileile. Wajuzi wa mji walisema kimya kile cha katikati kiliwekwa na mababu ili mfalme akumbuke kuwa atakufa. Wengine walisema ni heshima kwa walioanguka siku ya mizinga. Ukoo wa Famau haukubisha wala haukukubali. Waliendelea kuwafundisha wana wao wakubwa, nje ya mji, mdomo sikioni, na kila mpiga siwa alipofika mahali pale, mbele ya mfalme na waungwana wote, alikohoa mara moja ndani ya pembe, kwa uangalifu mkubwa, kama alivyofundishwa.